Ndoo kichwani, tango miguuni

Mtu wa kwanza kunifundisha tango alikuwa hawezi kutembea bila kigari. Sitanii. Vile vigari vya magurudumu manne wanavyosukuma wazee, vina breki kama za baiskeli na kikapu mbele, sasa huyu babu alikisogeza chake ukutani akafunga breki, akanyoosha mikono miwili akanisubiri. Mimi nimeshika sinia la vikombe vya kahawa. Ilikuwa 2014, Tampere, Ufini, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni nje giza tii kama usiku wa manane, na redioni wanapiga tango ya Kifini, ile ya kinyonge, mwanaume analia na mapenzi yake yaliyokwenda. Nikadhani babu anataka nimpeleke chooni. Kumbe anaomba tucheze.

Tango mimi nilikuwa naijua ya kwenye filamu tu, mwanaume kalaza nywele kwa mafuta, mwanamke kavaa nyekundu, ua mdomoni, wanarushana huku na kule. Nikaweka sinia nikajiandaa kurushwa. Babu hakunirusha. Babu alisimama. Akaniwekea mkono mgongoni, akahamishia uzito wake mguu wa kulia, nikajikuta na mimi nimehama, akarudi kushoto, nikarudi, basi, hivyo hivyo nusu wimbo mzima hatujatoka kwenye tile moja. Nikaona huyu labda kachoka au kasahau, ngoja nimsaidie, nikaanza kuzungusha kiuno kidogo kuchangamsha mambo. Akasema neno moja tu, "Rauhassa." Yaani kwa utulivu, kwa amani. Halafu tukatembea hatua kama sita mpaka dirishani na hatua sita kurudi kwenye kigari, akasema asante, akafungua breki, akaenda zake kunywa kahawa.

Nilirudi nyumbani na basi usiku ule nimeudhika. Nimeudhika kweli. Miaka miwili nimekaa Ufini nalea wazee wao, naogesha, nabadilisha mashuka, najifunza lugha ya maneno marefu kama treni, hayo yote sawa, lakini uniambie mimi nitulie kwenye ngoma? Mimi mtu wa Tanga? Bibi yangu alikuwa mtu wa ngoma hasa, harusi ya mtaani haikuwa harusi mpaka afike. Chakacha nimefundishwa kabla sijajua kupika wali ukaiva bila kushika chini. Na anayeijua chakacha anajua siri yake, kanga imefungwa chini kiunoni, kiuno ndo kinafanya kazi yote, lakini kifua, mabega na kichwa vimetulia tuli, uso hauna habari, kama vile yanayoendelea huko chini ni ya mtu mwingine kabisa. Asiyejua anatikisika mwili mzima, kina bibi wanacheka, wanauliza huyo anacheza au ana homa?

Kwa hiyo si kwamba sikujua kutulia. Nilijua, ila kutulia kwangu kulikuwa juu na mwendo wangu ulikuwa chini, na hii tango ikaja kunigeuzia nguo ndani nje. Hilo nimekuja kuligundua baadaye sana lakini. Wakati ule niliona tu babu ananiharibia raha.

Ngoja niseme kidogo kuhusu Wafini na tango maana watu nyumbani wakisikia wanadhani natania. Hawa watu wana tango yao. Iliwafikia kutoka huko Ulaya ilikopita ikitokea Argentina, wakaichukua wakaifanya ya kwao, miaka ya 1960 ikawa ndo muziki wa taifa kabisa, na kuna mji unaitwa Seinäjoki tangu 1985 kila kiangazi wanafanya tamasha kubwa la tango wanachagua mfalme au malkia wa kuimba. Nyimbo karibu zote za huzuni, hata ikiimbwa habari za jua na maua unasikia kabisa kuna mtu hatarudi. Wanachezea kwenye majukwaa ya mbao msituni, kando ya ziwa, wanayaita lava. Nilianza kwenda kiangazi cha 2015, na zile taratibu zao nilizipenda: wanawake upande huu, wanaume upande ule, anakuja anakuomba, mnacheza nyimbo mbili, si moja si tatu, kisha anakurudisha mpaka pale alipokutoa, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Na namna wanavyocheza, jamani. Mnashikana kuanzia tumboni mpaka mapajani, yeye anaenda mbele wewe unarudi nyuma, hakuna mbwembwe, hakuna kuinua mguu, ni kutembea tu, kutembea, kutembea. Nilicheza na fundi bomba mmoja, mwili mkubwa kama kabati la nguo, dakika saba hakufungua mdomo, hakutabasamu, hakunitazama, ananipeleka tu kama treni la mizigo linavyopita usiku, taratibu na huwezi kulisimamisha, na alipofika kunirudisha kwenye benchi akasema "Kiitos", asante, macho yamemlowa. Miguu ya Wafini kwenye tango haitulii kabisa. Kilichotulia ni uso na ulimi. Kila kitu wanachoshindwa kusema mwaka mzima wanakibeba kwenye mapaja wanaenda nacho.

Mama nilimtumia picha. Akanipigia. Hakusema shikamoo yangu imefika wala nini, akasema, "Mwanangu, hao mnakumbatiana hivyo, mnajuana?" Nikamwambia hapana mama, ni ngoma tu. Kimya. "Na huyo mwingine?" Huyo naye simjui. Kimya kirefu. "Haya. Vaa nguo ndefu." Mpaka leo navaa nguo ndefu.

Tango ya Argentina nilianza mwaka huohuo, miezi ya mwisho, baada ya mfanyakazi mwenzangu kunikokota Helsinki, treni saa moja na nusu na ushee kwenda, hivyo hivyo kurudi, kila Jumamosi ambayo sikuwa zamu. Mwalimu wetu mama mmoja Mwargentina, mfupi, mkali, Kifini chake kibovu kuliko changu kwa hiyo tulielewana vizuri. Siku ya kwanza alinichezesha dakika mbili akaniacha akasema, wewe unacheza kabla hujaalikwa. Yaani nilikuwa nakisia. Nikisikia mtu anavuta pumzi nishaondoka, nikidhani anakwenda kulia nishafika kulia namsubiri huko, na mtu ninayemsubiri yuko kushoto. Kule nyumbani tunaita kiherehere, kwenye tango ni ugonjwa wa kila mwanafunzi anayeongozwa, maana tunataka tuonekane tunajua.

Dawa aliyonipa ilikuwa mbaya. Nisimame na mtu wimbo mzima, dakika tatu, tusipige hatua hata moja, tuhamishe uzito tu, na mtu akiangalia kwa mbali asijue kama tunahama. Basi! Nililipa nauli ya treni kwenda kusimama. Wiki ya kwanza magoti yalitetemeka. Wiki ya pili nikaanza kuelewa kitu: uzito ukiwa katikati ya miguu miwili, umekufa, mwenzio hajui mguu gani uko huru, ni kama kupigia simu mtu aliyezima. Uzito ukiwa wote juu ya mguu mmoja, ule mwingine unaning'inia kama mlango kwenye bawaba, akikugusa tu kwa kifua unafunguka wenyewe. Kumbe kusimama kwa tango ni kusimama kwa mguu mmoja, huku unajifanya umesimama kwa miwili. Ndo maana unatoka jasho.

Hapo ndo nikakumbuka ndoo. Mtaani kwetu bomba lilikuwa likikauka wiki nzima, tunachota kwa jirani mwenye kisima, ndoo ya lita ishirini kichwani juu ya ngata, mimi nina miaka kumi na mbili kumi na tatu. Watu wanadhani kazi ni kutembea na ndoo. Kutembea si kazi, ukishapata mwendo wako maji yanakaa, yanacheza humo ndani lakini hayamwagiki. Kazi ni kusimama. Unakutana na mzee njiani, huwezi kumpita, lazima usimame umwamkie, "Shikamoo babu," na ukisimama ghafla maji yanaendelea na safari bila wewe, yanakushukia usoni. Bibi alinifundisha, akasema usisimame, tua. Yaani hatua ya mwisho unaikunja goti kidogo, unaipunguza, unaacha maji yafike kwanza ndo na wewe ufike. Na hata ukishatua shingo inafanya kazi, kisigino kinafanya kazi, kila kitu kinafanya kazi ndogo ndogo ambayo mzee unayemwamkia haioni.

Nilimweleza mwalimu kwa Kifini changu na mikono, nikaweka hata kitabu kichwani kumwonyesha. Akanyamaza, halafu akaenda kuleta ndoo ya fundi wa usafi. Tulicheka sana. Lakini jioni ile ndo mara ya kwanza alinichezesha wimbo mzima bila kuniacha.

Katikati hapo nilichepuka miezi mitatu, niliingia klabu moja ya dansi za mashindano mjini kwetu, sababu ilikuwa karibu na nyumbani na nimechoka na treni. Ile nayo inaitwa tango, ni ya Kiingereza, Waingereza ndo waliipangia sheria miaka ya 1920 huko na kuendelea, na ndo ile ya kichwa kugeuka fyaa kama umesikia mtu anakuita kwa deni. Wanasimama nao, tena kwa kishindo, wanakwenda kwa kasi halafu paa, wameganda, shingo imekunjwa nyuma. Sisemi ni mbaya, inataka misuli ya ajabu, nilipata maumivu ya shingo nikaomba likizo kazini. Ila kule kuganda ni kwa ajili ya anayeangalia, jaji mezani. Mwenzio wewe humsikii, amekwenda kule na kichwa chake na wewe umekwenda huku na cha kwako. Nikarudi kwenye treni.

Muziki nao ulinichukua muda. Mwanzoni tango zote niliona moja. Kilichonisaidia ni taarab, siku moja napika huku nasikiliza okestra ya zamani ya Buenos Aires, violini zikaingia zote kwa pamoja na lile besi kubwa la kusimama chini yake, nikajikuta nimeacha mwiko. Mbona hii naijua? Violini, besi, na badala ya akodioni ndugu yake bandoneon, kidude cha Kijerumani cha kuvuta na kusukuma chenye vifungo. Si muziki mmoja, tusidanganyane, njia zao tofauti kabisa, lakini ile tabia ya okestra nzima kushusha pumzi kwa wakati mmoja ni ileile. Na kwenye taarab ya zamani si mnakumbuka, watu wamekaa kwenye viti wametulia, hakuna kuruka ruka kama hii ya siku hizi, mpaka ubeti umguse mtu, anainuka mama mmoja na noti yake juu, anakwenda kumtuza mwimbaji. Ule mwendo wa kwenda kutuza! Hana haraka, anatembea ndani ya wimbo, anasimama palipo pazuri pa kusimama, ukumbi mzima unamwona. Nikaanza kutembea hivyo kwenye tango. Sijawahi kumwambia mwalimu.

Tangu hapo nikaanza kuzijua okestra kwa namna zinavyotulia. D'Arienzo, walimwita mfalme wa mapigo, huyo anakupa kiwiko, ta ta ta ta, halafu ghafla anakata, kimya cha kupepesa jicho, ukiwa na kiherehere umeingia mguu mzima kwenye shimo. Di Sarli ni wa kutembea, kinanda chake kinakutandikia jamvi mbele yako hatua kwa hatua. Na Pugliese, huyo ni mambo mengine. Pugliese anavuta muziki kama mtu anavuta jahazi kwenye mchanga, unaona kamba inakaza, inakaza, huelewi itakatika lini, na kucheza hatua nyingi juu yake ni ushamba, unatakiwa usubiri na uwe umejaa wakati unasubiri. Alikuwa mkomunisti, akawa anatiwa ndani mara kwa mara kwa siasa zake, na okestra yake ikaenda kupiga bila yeye, wakimwekea ua jekundu juu ya kinanda. Ua pekee nililowahi kulisikia kwenye habari za tango za kweli ni hilo.

2018 nikaenda Buenos Aires. Wiki tatu, akiba ya miaka miwili na zamu za sikukuu zote ambazo Wafini hawataki kufanya. Na nilichemka vibaya siku ya kwanza tu.

Kule mtu haji kukuomba mezani. Unakaa kwenye kiti chako, anakutazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, na wewe ukimtaka unamtazama, anaitikia kwa kichwa, unaitikia, mmeshakubaliana hakuna aliyeaibika. Sasa mimi nimelelewa pwani, mwanaume akikukazia macho wewe unashusha yako, ndo adabu. Nilikaa saa tatu nzima nimeshusha macho kwa adabu zangu, nimevaa gauni refu, viatu vipya, sikucheza hata wimbo mmoja. Mama mmoja wa pembeni yangu, mtu mzima sana, akaniinua kidevu kwa kidole kama bibi yangu vile, akanielekeza kwa jicho kule waliko wanaume. Basi nikatazama. Kutulia macho juu ya mtu usiyemjua bila kukwepa ni kugumu kuliko hatua yoyote niliyowahi kufundishwa, nawaambia.

Akaja mzee mmoja. Wimbo wa kwanza mzuri sana, umekwisha, mimi kwa adabu nyingine tena za Kifini nikasema "Gracias." Akainama kidogo, akanirudisha kwenye kiti, akaondoka. Nikabaki natoa macho. Kumbe nyimbo zinapigwa kwa mafungu, tatu au nne kwa pamoja, halafu unapigwa muziki mfupi wa aina nyingine kabisa wa kuwatenganisha watu, na ukisema asante kabla fungu halijaisha maana yake umemwambia inatosha, sikutaki. Nilitaka ardhi inimeze.

Ila nilichokwenda kukitafuta nilikipata. Unajua wanazungumzia mitindo, huyu milonguero, huyu salón, huyu nuevo, na watu Ulaya wanagombana juu yake kama mpira. Ukifika kule unaona mengi ni suala la nafasi tu. Katikati ya mji kumbi zilikuwa ndogo na watu wengi, zile za miaka ya 1940 tango ilipokuwa juu kabisa, kwa hiyo mnabanana kifua kwa kifua, mnaegemeana kabisa kama vigae viwili vya paa, hatua fupi fupi na vizunguko vidogo, ndo milonguero hiyo. Nje huko kwenye vitongoji kama Villa Urquiza kulikuwa na klabu za michezo zenye sakafu pana, watu wakapata nafasi ya kunyoosha mguu, hatua ndefu, wima, za kujisikia, ndo salón. Halafu baada ya mapinduzi ya 1955 tango ikashuka, ikaja roki, ikaja serikali ya wanajeshi, vijana hawakujifunza, mpaka demokrasia iliporudi 1983 na onyesho moja la tango likatikisa Paris mwaka huohuo, ndo watu wakaanza kuwatafuta wazee waliobaki wawafundishe.

Hao wazee wengine walikuwa bado wapo, na wengi walikuwa wanacheza mchana, saa za kumi jioni, kumbi za katikati ya mji, wamevaa suti. Niliwafuata huko. Mmoja wao alinichezesha fungu zima la Pugliese na naapa hatukusogea zaidi ya urefu wa kitanda. Ukumbi umejaa, mbele yetu mgongo, nyuma yetu mgongo, wote tunazunguka kinyume cha saa kama dafu kwenye maji yanayozunguka polepole. Akaweka mguu wake mbele ya wangu, akanizuia. Hiyo naijua, nimefundishwa, natakiwa niruke mguu wake nipite. Nikapita fasta. Akaniwekea tena. Nikapita tena fasta, safi, nikajipongeza. Mara ya tatu akaweka mguu, hakunisukuma, hakunivuta, akavuta pumzi akaishusha taratibu karibu na sikio langu, akasema, "No hay apuro." Hakuna haraka.

Nikabaki pale. Violini ikaanza kupanda. Nikasikia kifua chake kimetulia kabisa kinanisubiri, na nikaelewa, miaka mitatu baada ya kuanza, kwamba akisimama yeye saa inahamia kwangu. Wakati ule wote nilikuwa nadhani kusimama ni kwake, yeye ndo kasimamisha, mimi kazi yangu nimalize haraka tusiwacheleweshe watu. Kumbe ameniachia mlango. Nikaupeleka mguu wangu kando ya kiatu chake, polepole, kama unavyopapasa hodi gizani, nikaugusisha, nikauzungusha kidogo, nikangoja violini ifike juu ndo nikavuka. Akaguna kidogo. Ile guna ya mzee wa Kiswahili akionja mchuzi ukiwa sawa, "mmh." Ile ile! Kilomita elfu ngapi kutoka Tanga.

Siku chache baadaye nikaenda kwa vijana, saa nane usiku, wale wa mtindo mpya, nuevo, uliotokana na kina Gustavo Naveira na wenzake walioanza kuichambua tango kama mafundi saa miaka ya 1990. Wanazunguka mpaka unasikia upepo, wanakuegemeza nje ya mhimili wako mpaka unaona dari, mkumbatio unafunguka na kufunga kama mvukuto wa bandoneon. Nilidhani hapa hakuna kutulia kabisa. Lakini nilipochezeshwa na kijana mmoja nikagundua kuna nukta katikati yetu, hewani, si kwangu wala si kwake, na hiyo haitikisiki, sisi ndo tunaizunguka. Ikitikisika mnaanguka, na tulianguka mara moja, nikacheka peke yangu, yeye aliona aibu sana.

Kuna kitu kimoja kilinikaa moyoni ambacho walimu wangu wa Ulaya hawakunigusia. Mwishoni mwa miaka ya 1700 karibu theluthi ya watu wa Buenos Aires walikuwa weusi, watumwa na wana wa watumwa, wengi wao wenye asili ya Kongo na Angola, na mikusanyiko yao ya ngoma watu wa mji ndo waliita tango. Ukumbi wa kucheza unaitwa milonga, na wengi wanalitoa neno hilo kwenye Kimbundu cha Angola, maana yake maneno, mazungumzo. Nikasema subiri kwanza, milonga, kulonga, si ndo hii yetu ya kulonga longa? Na zile tango za mwanzo kabisa zilikuwa na vitu viwili vilivyowashtua watu wa heshima, quebrada, yaani kuvunja mwili pale kiunoni, na corte, kukata, kusimama ghafla katikati ya mwendo ukae na pozi lako. Wanaozifuatilia habari hizi wanasema hivyo vilitoka kwa wacheza ngoma weusi. Kwa hiyo kiuno kilikuwepo tangu mwanzo, na kusimama kulikuwepo tangu mwanzo, baadaye kiuno wakakifukuza kikawa kimejificha ndani ya mgeuko, kifua kinaangalia huku nyonga zinageukia kule. Nilipoelewa hivyo niliacha kumwonea haya kiuno changu. Sikizungushi, hapana, ila nakigeuza chini huku kifua kimetulia mbele ya mtu, na hiyo bibi alishanifundisha, tena kwa kunifunga kanga kwa nguvu mpaka nashindwa kupumua.

Yule babu wa kigari alifariki nikiwa bado safari, niliporudi kitanda chake kuna mtu mwingine. Sikupata kumwonyesha kitu. Kigari walikigawa.

Mwaka jana kwenye mazoezi yetu ya Jumapili hapa Tampere mtu alituchukua video, mimi na rafiki yangu mmoja, Pugliese tena. Nikaiona nikaipenda, nikairusha kwenye grupu la familia. Mama akaweka emoji ya mikono ya dua, sijui ndo nini. Dada yangu mkubwa, yeye ndo alikuwa fundi wa chakacha kuliko wote, akaandika, "Mdogo wangu, video yako imeganda hapo kwenye sekunde ya arobaini. Bando langu au simu?"

Nikamwambia haijaganda dada, rudisha nyuma, usiniangalie uso, angalia kisigino cha kushoto.

Akakaa kimya kama dakika tano. Kisha akanitumia sauti, nikasikia anaita watoto nyuma huko, "Njooni muone, njooni, mama yenu mdogo kabeba ndoo."